LAKI MOJA, ELFU SABINI NA SABINI
Namba ya watu wa Kibera, na jinsi karani au mkulima awezavyo kuichunguza

Katika mji wa Nairobi, upande wa kusini-magharibi, uko mtaa ambao jina lake limefika mbali kuliko miji mingi mikubwa. Mtaa huo ni Kibera. Reli itokayo Nairobi kwenda Kisumu hupita katikati yake, na abiria akichungulia dirishani huona mabati yaliyoshikana mpaka macho yanaposhindwa kutenga paa hili na lile. Huko viko vijiji vya Kianda, Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Silanga, Makina, Mashimoni na vinginevyo, kila kimoja kikiwa na wazee wake na habari zake.

Waliokaa hapo kwanza, mwanzoni mwa karne ya ishirini, walikuwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao. Wao waliuita mahali hapo Kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa kuwa ya jeshi, nayo ilikuwa ekari 4,197, yaani kiasi cha kilomita za mraba 17. Mtaa wa vibanda unaojulikana leo umebanwa katika kilomita za mraba zipatazo 2.5 tu.

Kwa miaka mingi watu walipouliza, "Kibera ina watu wangapi?" jibu lilikuwa jepesi: milioni moja. Wengine walisema laki saba, wengine walisema zaidi ya milioni. Habari hiyo iliandikwa magazetini, ikasomwa katika mikutano ya wageni, ikarudiwa hata ikawa kama jambo lisilohitaji shahidi. Kisha ikaja hesabu ya watu ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, 2009. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2010, hesabu ya watu wa Kibera ilikuwa 170,070.

Wengi walishangaa, na wengine walikasirika. Je, watu zaidi ya laki nane walikwenda wapi? Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuitazama namba yenyewe, kama vile mnunuzi wa ng'ombe anavyomtazama meno na kwato kabla ya kutoa fedha.

NAMNA YA KUIANDIKA

Namba hii ina tarakimu sita, na tatu katika hizo ni sifuri. Sifuri yenyewe haina kitu, lakini kazi yake ni kulinda nafasi. Ujuzi huu wa kuandika namba kwa nafasi ulianza Bara Hindi, ukachukuliwa na wataalamu wa Kiarabu na Kiajemi, miongoni mwao al-Khwarizmi aliyekuwa Baghdad katika karne ya tisa, kisha ukaenea duniani kote. Neno sifuri lenyewe limetoka katika Kiarabu. Karani akisahau sifuri moja ya kati akaandika 17,070, amewafuta watu 153,000 kwa kosa la kalamu lisilochukua muda wa kupiga chafya.

Hata kuitamka kwataka uangalifu. Mtu akisema "elfu mia na sabini," msikilizaji mmoja ataandika 100,070 na mwenzake ataandika 170,000, na wote wawili watakuwa wamesikia sawasawa. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa pwani hupenda neno laki, ambalo ni mia elfu. Ukisema "laki moja, elfu sabini, na sabini," hapana nafasi ya kukosea.

KUIGAWANYA

Namba kubwa hujulikana tabia yake kwa kuigawanya. Kwa kuwa 170,070 inaishia na sifuri, yagawanyika kwa 10 bila baki, basi yagawanyika pia kwa 2 na kwa 5. Je, yagawanyika kwa 3? Hapa iko njia nyepesi ambayo kila karani angefaa kuijua. Jumlisha tarakimu zake: 1 na 7 na 0 na 0 na 7 na 0, jumla ni 15. Kwa kuwa 15 yagawanyika kwa 3, namba nzima yagawanyika kwa 3.

Huu si uchawi. Katika kila kumi mna tisa na moja imebaki. Katika kila mia mna tisini na tisa na moja imebaki. Katika elfu mna mia tisa tisini na tisa, na moja imebaki. Tisa, tisini na tisa na wenzao wote hugawanyika kwa 3. Basi kinachobaki kwa kila nafasi ni tarakimu yenyewe tu, na ndiyo sababu yatosha kuzijumlisha tarakimu. Msomaji na ajaribu kwa ekari 4,197: 4 na 1 na 9 na 7 ni 21, na hakika 4,197 ni 1,399 mara tatu.

Ukiisha kuigawanya 170,070 kwa 2, kwa 3 na kwa 5, yaani kwa 30, yabaki 5,669. Hapo ndipo namba hii inapokuwa ngumu kama kisiki cha mgumu. Mkulima mwenye miche 5,669 ya kahawa, akitaka kuipanda katika mistari iliyo sawa, hawezi. Akipanda mistari 7, kila mmoja utakuwa na miche 809, na miche 6 itabaki mkononi. Akipanda mistari 13, itabaki mche 1. Hata akijaribu mpaka jua lichwe, hatapata mistari iliyo sawa, isipokuwa aipande yote katika mstari mmoja, au kila mche katika mstari wake. Namba ya namna hii huitwa namba tasa.

Mtu atajuaje kwamba ni tasa bila kujaribu namba zote mpaka 5,668? Namba isiyo tasa ni zao la namba mbili, na ndogo katika hizo mbili haiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili. Sasa 75 mara 75 ni 5,625, na 76 mara 76 ni 5,776. Kwa hiyo yatosha kujaribu mpaka 75. Wala si lazima kujaribu kila namba, bali zile zilizo tasa tu, kwa maana isiyogawanyika kwa 2 haigawanyiki kwa 4 wala kwa 6. Namba tasa zisizozidi 75 ni 21, kuanzia 2 mpaka 73. Kwa kugawanya mara 21 tu, karani mwenye penseli amelimaliza jambo lote kabla chai haijapoa.

Ustadi wa kuzichuja namba tasa ni wa kale, nao ulipata sifa katika bara letu la Afrika. Eratosthenes, aliyezaliwa Kirene katika nchi iitwayo sasa Libya, na kufanya kazi Aleksandria katika Misri yapata miaka 2,200 iliyopita, anakumbukwa kwa njia ya kuandika namba kwa mfululizo na kuzifuta zile zilizo zao la nyingine, mpaka zibaki tasa peke yake. Wataalamu huiita njia hiyo chungio la Eratosthenes.

Basi 170,070 ni 2 mara 3 mara 5 mara 5,669, na hakuna njia nyingine ya kuijenga kwa namba tasa. Namba zinazoigawanya bila baki ni 16: 1, 2, 3, 5, 6, 10, 15, 30, kisha zinaruka mpaka 5,669, halafu 11,338, 17,007, 28,345, 34,014, 56,690, 85,035, na mwisho 170,070 yenyewe. Mtu akitaka kuwagawa watu wa Kibera katika makundi yaliyo sawa, aweza kuwagawa kwa 30. Lakini kwa 31, au kwa 100, au kwa 1,000, hawezi.

MILIONI NI NAMBA YA NAMNA GANI?

Sasa itazamwe milioni. Yenyewe ni kumi iliyozidishwa kwa kumi mara kwa mara, na ndani yake hamna namba tasa ila 2 na 5, kila moja mara sita. Zinazoigawanya bila baki ni 49. Hukatika upesi kwa nusu, kwa robo, kwa tano, kwa kumi na kwa mia. Ni namba iliyo laini mdomoni, na kwa sababu hiyo hupendwa na wasemaji. Lakini ndugu watatu wakirithi shilingi milioni moja hawawezi kuzigawana sawa. Shilingi moja itabaki, na ugomvi huenda ukaanzia hapo.

Mtu akiuliza mzigo wa mahindi una magunia mangapi akaambiwa "mia," ana haki ya kushuku kwamba hakuna aliyehesabu. Akiambiwa "tisini na saba," ataona kwamba pengine mtu alihesabu. Hata hivyo onyo ni lazima. Sura ya namba si ushahidi. Hesabu ya kweli yaweza kuishia na sifuri, kwa kuwa katika kila namba kumi mfululizo moja huishia hivyo. Na mwongo mwerevu aweza kuuvika uongo wake tarakimu za ovyo ovyo ili uonekane umehesabiwa. Tasa ya 5,669 ni kweli ya milele juu ya namba. Haisemi neno lolote juu ya watu.

Jambo hili laonekana wazi ukimwongeza mtoto mmoja. Usiku ule wa 2009, mtoto mmoja zaidi angezaliwa Laini Saba kabla ya saa iliyowekwa, hesabu ingekuwa 170,071. Namba hiyo haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 5, wala kwa 5,669. Badala yake yagawanyika kwa 11, kwa maana 11 mara 15,461 ni 170,071. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila moja. Kilio cha mtoto mmoja chaweza kubadili tabia yote ya namba, bali mtaa wenyewe haubadiliki.

KUIPIMA KWA MAMBO YALIYOPO

Basi namba ya watu haipimwi kwa sura yake, bali kwa kuilinganisha na mambo mengine yanayojulikana. Viko vipimo viwili ambavyo kila msomaji aweza kuvifanya.

Kipimo cha kwanza ni ardhi. Kilomita za mraba 2.5 ni meta za mraba 2,500,000. Wakiwekwa humo watu milioni moja, kila mtu atapata meta za mraba 2.5, yaani kiasi cha futi za mraba 27. Lakini ardhi yote si nyumba. Ziko njia, reli, mto, mitaro, makanisa, misikiti, shule na maduka. Ikiwa nusu tu ya ardhi ni vyumba, kila mtu atabaki na futi za mraba 13 na nusu, hali kitanda cha futi 6 kwa 3 peke yake chataka 18. Kwa kuwa nyumba za Kibera kwa sehemu kubwa hazina ghorofa, ingekuwa lazima kila chumba cha futi 10 kwa 10, bila kubakiza hata kimoja, kilaze watu saba au wanane. Viko vyumba vya hivyo, na wenyeji wanavijua. Lakini viko pia vyumba vya watu wawili, na vya kijana mmoja aliyekuja kutafuta kazi.

Kwa hesabu ya 170,070, kila kilomita ya mraba yapata watu 68,028. Huo nao ni msongamano mkubwa sana. Asidhani mtu kwamba kupungua kwa namba kumewapa watu wa Kibera nafasi ya kujinyosha.

Kipimo cha pili ni mji mzima. Hesabu ile ile ya 2009 ilionyesha Nairobi yote ina watu 3,138,369. Kama Kibera ingekuwa na milioni, karibu mtu mmoja katika kila watu watatu wa Nairobi angelala Kibera, katika mji wenye kilomita za mraba karibu 700. Mathare, Kawangware, Mukuru, Eastleigh, Kayole, Dandora na mitaa mingine yote ingegawana waliobaki. Kwa hesabu ya 170,070, ni kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi na wanane.

Vipimo hivi viwili vinaonyesha kwamba milioni ni vigumu kuiamini. Havithibitishi kwamba 170,070 haina kosa. Kuhesabu watu mahali kama Kibera ni kazi nzito. Mlinzi yuko kazini usiku, mlango una kufuli. Mwingine amekwenda kwao mashambani. Mwingine humwogopa kila mgeni mwenye daftari, akidhani ametumwa na mwenye nyumba. Wachunguzi waliopita nyumba kwa nyumba katika kijiji cha Kianda, wakakisia kutoka hapo Kibera nzima, walipata kati ya watu 235,000 na 270,000. Tena mpaka wa Kibera huchorwa mahali mbalimbali na watu mbalimbali. Katika hesabu ya mwaka 2019, wilaya ndogo ya Kibra, ambayo ni pana kuliko mtaa wa vibanda, ilikuwa na watu 185,777. Namba hizi hazilingani. Lakini zote ziko mbali na milioni.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Pengine atasema mtu, "Namba ni namba tu, maskini ni maskini, wawe wengi au wachache." Maneno hayo yana huruma, lakini hayana mashiko. Chukua mfano wa maji. Ikipangwa kila mtu apate mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, watu 170,070 wataka lita 3,401,400, na watu milioni wataka lita 20,000,000. Kwa lori la lita 10,000, ya kwanza ni safari 341, ya pili ni safari 2,000. Mwenye fedha za safari 341 akiambiwa zinatakiwa 2,000, aweza kuikunja mikono akasema kazi imemshinda, kumbe alikuwa na uwezo wa kuimaliza yote.

Chukua tena mfano wa chanjo. Waganga wakichanja watu 150,000, wakagawanya kwa milioni, wataandika kwamba wamefikia watu 15 katika kila mia, na kazi yao itaonekana bure. Wakigawanya kwa 170,070, wamefikia 88 katika kila mia. Kazi ni ile ile, sindano ni zile zile. Iliyobadilika ni namba ya chini ya mstari. Na kinyume chake ni hatari vilevile: ikiwa watu ni wengi kuliko walioandikwa, ripoti itasema wote wamechanjwa, na ugonjwa utawakuta wale ambao daftari halikuwajua.

Wenyeji wenyewe wamelifahamu hili. Mwaka 2009, mwaka ule ule wa hesabu, vijana wa Kibera walianza kutembea vichochoro vyote wakiwa na vyombo vya kupokea ishara za setilaiti, wakiandika palipo na bomba, choo, shule na zahanati. Kazi yao iliitwa Map Kibera. Kabla ya hapo, ramani nyingi zilipaonyesha mahali hapo kana kwamba ni uwanda mtupu. Hakuna aliyewapa namba ya kukisia. Walikwenda kuona kwa macho yao.

SHAURI KWA MAKARANI

Yabaki neno moja la manufaa kwa yeyote anayeshika daftari, liwe la kodi, la chama cha ushirika au la mahindi ya nyumbani. Mtu akinakili 170,070 akakosea akaandika 170,700, tofauti ni 630, nayo ni 70 mara tisa. Daima tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9. Basi jumla mbili zikikataa kulingana, na tofauti yake ikagawanyika kwa 9, asianze karani kujumlisha upya kurasa zote. Atazame kwanza kama amepindua tarakimu mahali fulani. Mara nyingi atalikuta kosa hapo hapo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni vivyo hivyo. Mwaka 2017, Wanubi wa Kibera walipokabidhiwa hati ya ekari 288 baada ya kungoja zaidi ya miaka mia, hati hiyo haikusema "ardhi nyingi" wala "ardhi kidogo." Ilitaja namba. Mama wa Gatwekera mwenye mtungi mtupu hahitaji kuitwa mmoja katika milioni ili apate maji. Ahitaji kuhesabiwa mara moja, kwa haki, na namba hiyo iandikwe bila kupotezewa sifuri.